Barua ya wazi kwa Gavana na Bunge la Jimbo la Maniema: Msitupe marufuku ya karatasi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Maniema,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jimbo,
Nakala kwa Meya wa Mji wa Kindu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya bunduki zinazozunguka mjini mwetu, na juu ya dawa ambayo wengi wetu huidai kila risasi zinapolia usiku: Gavana atie sahihi, Bunge la Jimbo lipige kura, silaha ziwe marufuku ndani ya Kindu. Nami nautaka mji usio na bunduki mikononi mwa raia. Lakini marufuku ya namna hiyo haitasimama mbele ya sheria, na hata ikisimama itamkamata mtu ambaye hatumwogopi.

Katiba ya 18 Februari 2006 imegawa kazi. Kifungu cha 202 kinaweka ulinzi wa nchi na polisi ya taifa chini ya serikali kuu peke yake. Kifungu cha 203 kinataja usalama wa ndani kuwa jambo la pamoja kati ya serikali kuu na majimbo, na hapo ndipo wanaotaka sheria ya jimbo hushikilia. Wasome vifungu viwili mbele. Kifungu cha 205 kinasema kwamba katika mambo ya pamoja, sheria ya jimbo isiyopatana na sheria ya taifa ni batili. Na silaha zina sheria ya taifa tangu zamani: amri-sheria namba 85-035 ya 3 Septemba 1985. Mkiandika jambo linalogongana nayo, wakili yeyote ataliangusha, na aliyenyang'anywa bunduki atarudishiwa huku akicheka.

Hatutakuwa wa kwanza kujikwaa hapo. Mwaka 1993 miji ya Philadelphia na Pittsburgh, nchini Marekani, ilipiga marufuku aina fulani za bunduki za kivita. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lao, Pennsylvania, likaifungia miji njia hiyo, na mwaka 1996 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba neno la mwisho juu ya silaha ni la bunge hilo, si la mji. Ila ugomvi wao ni kinyume cha wetu. Kule mji ulitaka kukaza na wakubwa wakalegeza. Kwetu sheria ya juu imekaza tayari. Kifungu cha 190 cha Katiba kinamhesabu mwenye kuunda kundi la wanamgambo kuwa mhaini mkubwa. Sheria ya mahakama za kijeshi ya 18 Novemba 2002 inampeleka hata raia mbele ya majaji wa kijeshi akitenda kosa kwa silaha ya vita. Kalashnikov mikononi mwa raia ni haramu Kindu leo, bila ninyi kuongeza hata mstari mmoja.

Basi marufuku ya mji ingemshika nani? Simameni asubuhi kivukoni, mtumbwi unapoingia kutoka Alunguli. Atashuka mzee na kikapu cha nyama ya kukaushwa, na bunduki ya kuwindia ya kalibre 12 iliyozungushiwa kitenge kikuukuu. Akiulizwa, atatoa kibali chake ndani ya mfuko wa plastiki, karatasi imekatika kwenye mikunjo kwa kukunjuliwa mbele ya kila barieri. Huyo ndiye atakayelipa faini. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwenye nganda, baa ya mtaani, ameketi kijana mwenye suruali ya jeshi na fulana ya mpira, Kalashnikov imelala mapajani, na hakuna anayethubutu kumuuliza ni wa kikosi gani. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma; msumeno unaomkata mzee wa kivukoni peke yake haustahili jina hilo.

Historia ya mji huu yatosha kutufundisha. Tarehe 11 Novemba 1961 waliowaua Waitalia 13 wa kikosi cha anga cha Umoja wa Mataifa hapa Kindu walikuwa askari. Mwaka 1964 walikuja waasi wa Simba. Kuanzia 1998 tulitawaliwa na waasi wa RCD, huku wanamgambo wa Mai-Mai wakiuzingira mji. Kila mara bunduki zililetwa na watu wenye wakubwa wao, wenye bendera na amri ya kwenda vitani. Na sasa, hasa tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, vijana wengi mashariki wamebeba silaha kwa jina la Wazalendo, nayo sheria ya 2023 ya jeshi la akiba imewafungulia mlango wa kutambuliwa. Siwatukani. Wapo waliokufa wakilinda vijiji. Ila anayepewa bunduki kwa ajili ya vita hana sababu ya kwenda nayo sokoni.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yote ndani ya uwezo wenu.

La kwanza: tumieni kifungu cha 184 cha Katiba. Polisi ni ya taifa, lakini kifungu hicho kinaiweka chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali. Gavana na Meya wanaweza kuitaka ifanye msako wa silaha za vita katika komini zote tatu, Kasuku, Mikelenge na Alunguli, pamoja na wanasheria wa kijeshi, ili mwenye sare asiseme polisi hawamhusu.

La pili: katika kamati ya usalama ya jimbo, Gavana adai kwa makamanda kwamba askari asiye kwenye zamu aache bunduki kambini, na kila Mzalendo aliyeandikishwa awe na silaha yenye namba iliyo kwenye daftari. Agizo hilo lisomwe redioni, ili raia ajue ni nani anayelivunja.

La tatu ni lenu, Waheshimiwa Wabunge. Kifungu kile kile cha 205 kinatoa kwa Bunge la taifa na Seneti uwezo wa kuliruhusu bunge la jimbo, kwa sheria, kutunga sheria juu ya jambo ambalo ni la serikali kuu peke yake. Ombeni ruhusa hiyo kwa maandishi, kwa jambo moja tu: kubeba silaha hadharani ndani ya miji ya Maniema, kwa raia na kwa mwenye sare asiye kazini, ambaye kwa kifungu cha 202 yuko chini ya serikali kuu. Wabunge na maseneta wetu walioko Kinshasa wabebe ombi hilo, na wakilinyamazia tutawauliza siku ya kura.

Njia hii ni ndefu kuliko sahihi ya Gavana, na haitampatia mtu makofi ya haraka. Lakini amri itakayotoka huko hakuna wakili atakayeifuta, na itamfikia yule kijana wa nganda kabla ya mzee wa kivukoni. Kikao chenu kijacho kianze na ombi hilo.

Wenu katika ujenzi wa Maniema,

Raia wa komini ya Mikelenge, Kindu