Tusitupe mbachao: CNC kuukuu bado ina kazi

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa mpakani huwaachia mafundi peke yao, ilhali hasara yake huwaangukia wao. Nazungumzia mashine za kukereza chuma zinazoongozwa na kompyuta, zile tunazoziita CNC, zinazonunuliwa zikiwa zimetumika ng'ambo na kupitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa hadi kwetu.

Mashine ya miaka 25 hushushwa kwenye kontena, huwashwa, na kioo kinabaki cheusi au kinaandika makosa mfululizo. Fundi wa kwanza anatikisa kichwa. Wa pili anasema mfumo huo hautengenezwi tena. Mwenye mali anakata tamaa, na tani tatu za chuma kizuri zinauzwa kwa kilo.

Mimi ni mkereza chuma. Kazi hii nilijifunza Tanzania kabla ya kurudi nyumbani, na nasema wazi kwamba mara nyingi hukumu hiyo hutolewa haraka mno. Kitanda cha mashine, spindo yake na skrubu zake za gololi vikitunzwa kwa mafuta hudumu miaka mingi. Kinachozeeka mapema ni ule ubongo wa umeme: kapasita hukauka, feni husimama, vumbi na joto hula bodi. Ubongo ukifa, mwili bado upo.

Tuanze na lililo rahisi kabisa. Mifumo mingi ya zamani huhifadhi vipimo vya mashine katika kumbukumbu inayolindwa na betri. Mashine ikizimwa miezi kadhaa ghalani na baharini, betri huisha na vipimo hufutika. Mashine inafika haijui hata urefu wa safari ya kisu chake. Hiyo haijafa, imesahau. Ukiwa na orodha ya vipimo vyake, fundi ataviingiza upya. Kwa hiyo, kabla hujalipa, dai mashine iwashwe, vipimo vyote viandikwe au vipigwe picha, na betri ibadilishwe umeme ukiwa umewashwa.

La pili ni umeme wenyewe. Mashine nyingi za Japani zimeundwa kwa umeme wa fezi tatu wa volti 200. Wetu ni karibu volti 400. Bila transfoma inayofaa, dakika moja inatosha kuunguza kile kilichokuwa kizima. Gharama ya transfoma iingie katika hesabu tangu siku ya kununua.

Yote hayo yakishindikana ndipo tunafikia kubadili mfumo mzima wa kuongozea. Hapa pia tunaogopeshwa bure. Ipo programu iitwayo LinuxCNC, iliyotokana na kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, katika miaka ya 1990. Ilipata jina hilo mwaka 2011. Hailipiwi, na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ikiunganishwa na kadi ya kuzungumza na mota. Mota zikiwa nzima hubaki zilezile. Kwa mashine ya kukereza, ni lazima spindo iwe na enkoda, yaani kifaa cha kuhesabu mizunguko, la sivyo hutaweza kukata nyuzi za skrubu. Kitufe chekundu cha dharura nacho kikate umeme wa mota moja kwa moja. Kisitegemee kompyuta, maana kompyuta huweza kuganda.

Sisemi kila mashine iokolewe. Chunguza kitanda karibu na chaki, maana hapo ndipo kazi nyingi hufanyika na ndipo chuma hulika zaidi. Pima kwa saa ya kupimia. Sikiliza beringi za spindo. Kama vyuma vyenyewe vimechoka, kuvifungia ubongo mpya ni kumvika marehemu suti. Kazi hii pia haitaki papara. Kichwa cha kubadilishia visu peke yake chaweza kumla fundi wiki nzima, hasa kama mchoro wa nyaya haupo.

Ndiyo maana nawaambia wafanyabiashara wenzangu kwamba makaratasi ya mashine ni nusu ya mashine. Wengi wetu hupigania bei ya kontena, kisha tunaacha vitabu na michoro katika kabati la muuzaji. Mlipe fundi akague kwanza kabla hujalipa. Ujira wake ni mdogo kuliko hasara ya mashine iliyolala.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili? Kwa sababu lori likivunjika shafti Rusumo, au kinu cha kusaga kikisimama kijijini, mara nyingi tunasubiri kipuri kutoka mbali, na kila siku ya kusubiri ina gharama yake. Mashine moja iliyofufuliwa inaweza kukereza kipuri hicho hapa hapa. Na kijana aliyefunga nyaya zake kwa mikono yake ataweza kuitengeneza tena ikiharibika. Anayenunua mfumo uliofungwa kwa siri ya kiwanda atabaki kumsubiri mtaalamu wa kigeni kwa tiketi ya ndege.

Vyuo vyetu vya ufundi vina vijana wa umeme, wa kompyuta na wa mitambo, kila kundi katika darasa lake. Wapeni mashine moja iliyokufa waifufue pamoja. Na ninyi mliorudi na ujuzi wa karakana za Dar es Salaam, Kampala au Lubumbashi, jitokezeni muwasimamie. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Sisi tunatupa mbachao hata kabla msala haujapita.