Kivoi Ndiye Aliyekuwa Ramani

Wasee, ile sentensi ya "Krapf aligundua Mlima Kenya" ifutwe kwa daftari zenu leo. Mlima wa zaidi ya mita 5,000 unagunduliwaje, na watu wanalima chini yake?

Tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani, aliuona mlima huo kwa mbali akiwa Kitui. Alikuwa kwa nani? Kwa Kivoi, mfanyabiashara Mkamba ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa. Na kabla Krapf auone, Kivoi alishamwambia kwamba uko. Krapf akaandika jina vile alivyolisikia huko: "Kenia". Mwaka wa 1920 koloni nzima ikapewa jina hilo. Pasipoti yako inabeba neno lililopita mdomoni mwa Mkamba.

Najua mtasema, "Lakini Krapf ndiye aliandika." Sawa, kuandika ni kazi, simnyimi. Hata yeye alidharauliwa. Huko London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Lakini Krapf mwishowe aliaminiwa. Kivoi je? Aliuawa 1851, akiwa safarini na Krapf huyo huyo kuelekea Mto Tana. Leo mmoja ni jibu la mtihani, mwingine ni "mwenyeji wake".

Na msiniambie Kivoi alikuwa anaonyesha njia tu. Kutoka Ukambani hadi pwani unavuka nyika kavu ya Taru. Ukikosea mahali maji yalipo, msafara umekwisha. Kujua maji yako wapi, ni mwendo wa siku ngapi, na ni nani anamiliki njia: huo ndio upimaji. Tofauti ni kwamba ulikaa kichwani, na kichwa kikizikwa, ramani inazikwa nacho.

Hapo ndipo tunarudia kosa lile lile. Fungua ramani kwa simu, tafuta shagz yenu, iwe Mwingi ama Kibwezi. Barabara kuu utaipata. Lakini bwawa la mchanga ambalo kijiji kizima kinategemea wakati wa kiangazi? Njia ya kufika zahanati mto ukijaa? Mara nyingi ni nafasi tupu. Halafu mgonjwa akizidiwa usiku, dereva anaelekezwa, "Pita mbuyu, kata kushoto, uliza."

OpenStreetMap inaruhusu mtu yeyote kuongeza mahali, bure. Una simu, una bando, na Desemba utakuwa ocha. Kaa na susu wako, muulize majina ya vilima, mito na visima, kisha uyaweke vile anavyoyatamka yeye. Tusipofanya hivyo, atakuja mwingine na kalamu yake, na wajukuu wetu watafundishwa kwamba yeye ndiye aliyegundua Kitui.