Habari za Vyombo: Pedali Iliyokuwa Nzito

Mwezi huu twataka kusema habari ya motokaa moja ya zamani iliyoko Sitalike, si mbali na daraja la mto Katuma, pale wageni wasimamapo kuwatazama viboko. Ni Land Rover ya mwaka 1964. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, aliyeirithi kwa baba yake, naye kwa miaka mingi aliitengeneza kidogo kidogo, leo mlango, kesho fremu, kwa kadiri ya fedha yake. Ilipokwisha kupakwa rangi ilipendeza sana. Walakini baada ya miezi michache pedali ya klachi ikaanza kuwa nzito, hata ikambidi aikanyage huku ameushikilia usukani kwa mikono miwili. Mzee hakumwambia mtu. Alidhani ni goti lake, kwamba sasa uzee umemfikia, akaanza kutafuta mnunuzi kwa siri. Mkewe ndiye aliyetuambia.

Fundi aliyeitwa kwanza alisema lazima giaboksi itolewe na presha pleti ibadilishwe. Huenda ikawa hivyo kwa motokaa nyingine. Lakini kutoa giaboksi ya Land Rover ni kung'oa viti na sakafu, na gharama yake si ndogo. Sisi tuliona yafaa kuanza palipo rahisi.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Tangu Land Rover za mwaka 1958, pedali haivuti klachi kwa vyuma vitupu. Husukuma pistoni ndani ya masta silinda, iliyo chini ya boneti. Pistoni husukuma mafuta ya breki katika bomba na mpira. Nayo mafuta husukuma pistoni ya silinda ya chini, kando ya klachi, ambayo ndiyo imsukumayo mkono wa kuiachisha. Basi uzito waweza kutoka mahali popote katika safari hiyo, na dawa ni kuikata safari vipande vipande.

Tulitenga pedali na masta silinda, tukaisukuma kwa mkono. Ilikwenda vizuri, ikirudishwa na springi yake tu. Kumbe bushi za pedali hazikukauka wala kushika kutu. Tukaiunga tena, tukafungua nipo ya silinda ya chini, tukaitia mpira ndani ya chupa, mzee akakanyaga. Kama pedali ingekuwa nyepesi hapo, ubaya ungekuwa mbele, katika mkono, au beringi, au klachi yenyewe. Lakini ilibaki nzito vile vile. Tukafungua mpira mahali unapoungana na bomba la juu, maana mpira wa zamani huvimba ndani na kuziba hali nje waonekana mzima. Bado nzito. Basi mpira haukuwa na hatia, na mbele ya pedali ilibaki masta silinda na bomba lake tu.

Tulipoifungua tuliona raba za pistoni zimevimba, laini kama ugali uliomwagiwa mchuzi, zimekaza ndani ya silinda. Tukamwuliza mzee: Je, ni nani aliyeongeza mafuta koponi? Akakumbuka kwamba njiani kijana mmoja alimsaidia kwa oili ya injini, kwa kuwa mafuta ya breki hayakupatikana. Raba hizi hufanywa kwa ajili ya mafuta ya breki. Oili ya injini huzivimbisha na kuziharibu. Mwenye shaka na achukue mafuta kidogo koponi, ayatie katika bilauri ya maji na kuyakoroga: mafuta ya breki huchanganyika na maji, oili hurudi kuelea juu. Ya mzee yalielea.

Hapo tulinyamaza kidogo, maana katika motokaa hii kopo ni moja kwa klachi na kwa breki pia. Njia ya kwenda Sumbawanga hupita ndani ya Hifadhi ya Katavi, na tembo akitokea mbele hangoji. Mzee alikuwa amekwisha kupita njia hiyo mara mbili akilalamikia goti, wala hakuwaza breki.

Tuliagiza raba zote na mpira mpya kutoka Mpanda, umbali wa karibu kilomita 40. Vyuma vilisafishwa kwa spiriti, si petroli, kwa kuwa petroli nayo huharibu raba. Kopo lilioshwa, mafuta mapya ya kopo lisilofunguliwa yakatiwa, hewa ikatolewa kwa nipo. Twawaomba wenye vyombo vya namna hii wasitumie mafuta yaliyokaa wazi, maana huvuta maji kutoka hewani, na maji huleta kutu katika silinda.

Mzee alikanyaga mara moja, akatutazama, akakanyaga tena. Mkewe alicheka akiwa mlangoni. Breki tulizimaliza siku ya pili, maana magurudumu ni manne, na kila moja lina raba zake.