Tusilime Mahindi Uwanjani



Unakumbuka siku ambazo shule ya kijiji chako ilicheza mpira na shule ya kijiji cha jirani? Watoto walikwenda kwa miguu, wakiimba njiani. Wazee walikaa kivulini. Waliofungwa walisema: "Tutaonana mwakani!"

Ushindani wa shule unaishi kwa neno hilo, mwakani. Michezo ikisimama, ushindani unakufa, tena unakufa upesi.

Tufanye hesabu. Mwanafunzi husoma kidato cha kwanza hadi cha nne kwa miaka minne. Michezo ikisimama miaka minne, wote waliocheza wameondoka. Waliobaki hawajui walimfunga nani, wala nani aliwafunga. Hawana deni la kulipa. Hata mpira ukirudi, watacheza kama wageni waliokutana stendi ya basi.

Jambo hili limetokea nchini kwetu. Shule za msingi zina mashindano ya UMITASHUMTA. Sekondari zina UMISSETA. Mashindano huanzia shuleni, hupanda hadi kata, wilaya, mkoa na taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilisimamisha mashindano ya shule. Yalirudishwa baada ya miaka kadhaa, wakati wa Rais Jakaya Kikwete. Halafu Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na mwaka huo mashindano ya taifa hayakufanyika. Mwaka 2021 yalifanyika Mtwara. Mara hii ya pili pengo lilikuwa la mwaka mmoja tu. Waliocheza 2019 wengi walikuwa bado shuleni.

Je, pengo likiwa refu? Huko Uingereza vyuo vya Oxford na Cambridge vilianza kushindana kwa mitumbwi ya makasia mwaka 1829. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, hawakushindana kuanzia 1915 hadi 1919. Mwaka 1920 walirudi majini. Vijana wa zamani walikuwa wameondoka chuoni, lakini watu walikuwa bado wanayakumbuka mashindano na kuyataka.

Hapa kwetu watu hao ni ninyi. Wanafunzi huondoka, walimu huhamishwa, wanakijiji hubaki. Sisi wa Songea tunajua kukumbuka mpira. Timu yetu ya Majimaji ilichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1985, 1986 na 1998. Mwaka 2018 ilishuka kutoka Ligi Kuu. Watu wanauliza wachezaji wamekwenda wapi. Mimi nauliza viwanja vya shule vimekwenda wapi.

Uwanja wa mpira wa mita 100 kwa 60 ni karibu ekari moja na nusu. Usipochezewa, huota majani. Mwaka unaofuata mtu hupiga matuta machache pembeni, ati kwa muda tu. Ardhi ya Songea inapenda mahindi, nawe unajua. Yakishastawi, nani atayang'oa? Baadaye tofali linasimama golini.

Wapo wazazi wanaosema mpira unapoteza masomo. Wengine wanasema mashindano huja wakati wa kuvuna, na mikono ya watoto inahitajika shambani. Hoja hii ya pili ina uzito, maana mahindi hayasubiri. Lakini mechi moja ya Jumamosi jioni haiozeshi mahindi. Na mtoto anayejua kwamba Jumamosi atacheza na jirani hatoroki shule Ijumaa.

Basi fanya hivi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Nenda. Nyosha mkono, uulize: mipaka ya uwanja wetu imeandikwa wapi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi kwa matumizi ya wote. Ukiambiwa imeandikwa, usitosheke na kuambiwa. Omba uonyeshwe, uisome mwenyewe, maana sasa unajua kusoma. Kama haikuandikwa, iandikwe siku hiyo hiyo, mbele ya mkutano.

Kisha mwombeni mwalimu mkuu aandike barua kwa shule ya jirani. Ataje siku na saa. Ataje pia netiboli ya wasichana, maana nao wana deni lao.