Kuingia ni dakika kumi, kutoka ni vita

Ndugu raia wa Kakontwe na wa Likasi yote,

Bei ya kuingia kwenye intaneti ya nyumba tunaijua: modemu, mwezi wa kwanza, na ajenti anakuja mpaka mlangoni. Bei ya kutoka hakuna mutu anatuambia. Njo hiyo tunaongelea leo.

Kwetu nyumbani intaneti ilikuwa inapotea kila mangaribi. Si umeme wa SNEL, ule ni habari ingine, tunaujua! Taa zinawaka, modemu inawaka, mnara wao njo umezimika. Siku tulizolipa zinaendelea kuhesabiwa. Tukaenda kuomba wafunge kontra. Jibu: «Chefu hayiko, rudia juma ijayo.» Juma ijayo wakasema karatasi inasainiwa Lubumbashi. Zaidi ya kilometa 100, juu ya sinyatire moja! Na ile modemu tulinunua na makuta yetu inakubali SIM yao tu. Ukitia ya kampuni ingine, inakataa. Basi familia inabaki, si kwa kupenda, ni juu ya kuogopa kununua modemu mara mbili.

Kampuni inayojua kama hauwezi kutoka haina haraka ya kutengeneza mnara.

Wengine wanasema: ngojeni Starlink. ARPTC, ile inasimamia simu na intaneti katika inchi yetu, iliikataza mwezi wa 3 mwaka 2024, kiisha ikaipa ruhusa mwezi wa 5 mwaka 2025. Kuwa na chaguo ni muzuri. Lakini antena ya Starlink inafanya kazi na Starlink peke yake. Siku utachoka nayo, utabaki na sahani juu ya nyumba. Kuongeza kampuni bila kufungua mlango wa kutoka ni nusu ya kazi.

Kwenye simu, Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017, mteja anahama kampuni na namba yake. Hawakungoja kampuni ziwe na roho nzuri, serkali njo iliamuru. Na sisi kodi ya RAM, ile walikuwa wanakata kwenye inite zetu tangu 2020, mpaka dola 7 kwa mwaka, ilitoka 2022 kiisha raia kupiga kelele.

Tunadai ARPTC iamuru hivi: kontra ifungwe pale ilifunguliwa, modemu iliyolipwa ifunguliwe kwa SIM zote, na siku ambazo mnara ulizimika zirudishwe kwa mteja.

Kama unataka kuhama, andika barua kopi mbili. Wapige kashe na tarehe juu ya kopi yako. Wakikataa kupokea, andika siku, saa na ajansi gani. Leta kopi kwa vijana wa kartie yako mbele mwezi uishe. Tutazituma zote ARPTC pamoja.