Kuhamia si Kulowea

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ndiyo aliyoitumia baba yangu Desemba iliyopita kumkemea dadake mdogo, yaani shangazi yangu, sebuleni petu mjini Kitale. Shangazi ana umri wa miaka 56. Amekuwa muuguzi nchini Uingereza kwa zaidi ya miaka 20, na alikuwa amekuja likizo. Baada ya chakula cha jioni alitupasulia mbarika: hatasubiri umri wa kustaafu, wala hatarudi Kitale kujenga kwenye kiwanja ambacho baba amemlindia miaka yote hiyo. Yeye na mumewe wanakusudia kuhamia Dénia, mji wa pwani katika mkoa wa Alicante, nchini Uhispania.

"Kiwanja kimekungoja mpaka majirani wanakiita kwa jina lako," baba alisema, "nawe unakwenda kuzeekea kwa watu ambao hata salamu yao huijui?"

"Kaka, Uingereza nilikwenda nikiwa siijui pia," shangazi alijibu. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa lugha. Hebu tuamulie."

Nilikwepa. Nilisema chai inapoa. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kulitoa usiku ule, na ninalitoa mbele ya wanachama wenzangu kwa kuwa naamini suala lenyewe ni la lugha kabla ya kuwa la fedha au la ukoo. Msimamo wangu ni huu: shangazi aende, tena aende sasa, kabla ya uzee. Hata hivyo, na afahamu kwamba kuhamia ni jambo moja na kulowea ni jambo jingine, na kwamba kivuko kati ya mambo hayo mawili ni lugha ya wenyeji.

Tuanze na msamiati wetu wenyewe. Anayehama huangaliwa kwa upande wa alikotoka. Kauli ya kutendea ikiongezwa, tunapata kuhamia, na macho yetu yanaelekea anakokwenda. Lakini vitenzi hivi viwili vinahusu safari tu. Kiswahili kina kitenzi cha tatu, kulowea, yaani kukaa ugenini muda mrefu hadi ukapazoea na kuwa kama mtu wa pale. Kila ninapolisikia neno hili hunijia picha ya nguo iliyolowa maji. Nguo iliyorushiwa matone haijalowa. Iliyolowa ni ile ambayo maji yamepenya katika kila uzi wake.

Ajabu ni kwamba nomino tuliyoiunda kutokana na kitenzi hiki, mlowezi, hapa Kenya tumewatunuku watu ambao, kwa maoni yangu, wengi wao hawakulowea kamwe. Babu yangu, babake shangazi, alikuwa mpishi katika shamba la mzungu mmoja Trans Nzoia katika miaka ya 1950. Bwana yule alikuwa ameishi nchini zaidi ya miaka 20, na Kiswahili chake kilikuwa kile ambacho wataalamu wa isimujamii wanakiita Kisetla: ngeli zimevunjwa, viambishi vimepukutika, na kitenzi karibu kila mara ni cha kuamuru. Lete chai. Funga mbwa. Wewe hapana sikia? Babu alizoea kutusimulia kwamba bwana yule hakuwahi kumwuliza watoto wake wameamkaje. Hakumwona kuwa mkatili kupita wenzake. Alisema tu kwamba mzungu yule hakuwa na sentensi ya kuulizia. Alikuwa na Kiswahili cha kuagiza, hakuwa na Kiswahili cha kujuliana hali. Walihamia, wakamiliki, wakatawala, kulowea hawakulowea.

Ninaikumbuka hadithi hiyo kwa sababu binti wa mpishi yule sasa anakwenda kuwa mlowezi kwenye pwani ya watu wengine. Je, atakwenda na Kihispania cha namna gani?

Haendi peke yake. Zaidi ya Waingereza robo milioni wameandikishwa kuwa wakazi wa Uhispania, na pwani ya Alicante ni mojawapo ya makao yao makuu. Ipo miji midogo katika mkoa huo, kama vile San Fulgencio na Rojales, ambako wageni ni wengi kuliko Wahispania. Zamani safari hiyo ilikuwa rahisi, kwani Uingereza na Uhispania zilikuwa katika Umoja wa Ulaya. Tangu kipindi cha mpito kilipokwisha tarehe 31 Desemba 2020, mwenye pasipoti ya Kiingereza asiye na kibali anaruhusiwa kukaa siku 90 tu katika kila siku 180. Anayetaka kuishi huko bila kufanya kazi huomba viza ya ukazi usio wa kipato. Kipimo chake ni kiwango cha mapato cha serikali kiitwacho IPREM, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 600 kwa mwezi. Mwombaji huonyesha mara 4 ya kiwango hicho, yaani euro 2,400 kwa mwezi, na kiwango kimoja zaidi kwa kila anayemtegemea. Shangazi na mumewe basi wanahitaji euro 3,000 kila mwezi. Wamepiga hesabu: atachukua pensheni ya kazini mapema, ikiwa imepunguzwa, na nyumba yao wataipangisha.

Sharti linalonishughulisha zaidi ni jingine: mwenye viza hii haruhusiwi kufanya kazi. Mababu zetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa hekima yao, jembe halikuwa adhabu. Lilikuwa mlango. Mgeni akiingia shambani na wenyeji, huingia pia katika mazungumzo yao, mizaha yao na malalamiko yao juu ya mvua. Sheria hii ya Uhispania inampokea mgeni, inampa kiti, lakini inamnyima jembe. Wapo wanaofanya kazi za mbali kwa kompyuta, ambao wamekuwa na viza yao tangu mwaka 2023, lakini jembe lao nalo liko katika shamba la nchi nyingine. Kwa mtu kama shangazi limebaki jembe moja tu ambalo hakuna afisa wa uhamiaji anayeweza kumpokonya. Jembe hilo ni lugha.

Hapa ndipo suala la umri linapoingia. Kwenda kabla ya kustaafu kuna gharama. Mwingereza aliyefikia umri wa pensheni ya serikali, ambao umekuwa miaka 66 na unapanda hadi 67 kati ya 2026 na 2028, hulipiwa matibabu ya Uhispania na serikali ya Uingereza. Aliye chini ya umri huo hujitegemea. Ni lazima awe na bima ya kibinafsi, na baada ya kukaa mwaka mmoja anaweza kujiunga na mpango maalumu wa afya ya umma kwa kulipa euro 60 kila mwezi akiwa chini ya miaka 65. Kwa shangazi, pengo hilo ni la takriban miaka 10. Baba analiita hasara tupu. Mimi ninaliita karo. Nani kati yetu asiyejua kwamba lugha ya pili hujifunzwa kwa miaka? Anayewasili akiwa na miaka 56, na masikio yake bado mazima, ana muda wa kukosea sokoni, kuchekwa na kusahihishwa. Anayewasili akiwa na miaka 75 mara nyingi huwasili na ugonjwa wake mkononi, na somo lake la kwanza linakuwa kitandani hospitalini, akijaribu kumweleza muuguzi ni wapi panapomwuma. Shangazi anafahamu hilo kuliko sisi sote. Ameuguza watu waliokuwa na maumivu bila maneno.

Isitoshe, Uhispania yenyewe inakiri kwamba lugha ni kipimo cha ukazi. Mgeni wa kawaida huhitaji kuishi humo kihalali miaka 10 kabla ya kuomba uraia, na tangu mwaka 2015 hufanya mtihani wa Kihispania wa kiwango cha A2. Lakini raia wa nchi za Marekani ya Kusini zilizotawaliwa na Uhispania, na vilevile wa Guinea ya Ikweta huku kwetu Afrika, huhitaji miaka 2 tu. Historia ya ukoloni na lugha iliyoachwa nao imewapunguzia miaka 8. Tunaweza kulalamika juu ya haki ya jambo hilo, lakini hatuwezi kusema kwamba lugha haina uzito.

Shangazi akiuliza aanzie wapi, nitamwambia kwamba mzungumzaji wa Kiswahili hafiki Uhispania mikono mitupu. Kiarabu kilikaa katika rasi ile tangu mwaka 711 na kikaacha maneno. Kilikaa pia katika pwani yetu na kikaacha maneno. Atakapoomba azúcar atakuwa anaomba sukari. Azafrán ni zafarani. Hasta, lenye maana ya mpaka, lina asili moja na hata yetu. Meya wa mji huitwa alcalde, na jina hilo limetoka katika neno lilelile lililotupa kadhi. Nao Wareno walituachia meza na bendera, maneno ambayo ni ndugu wa mesa na bandera za Kihispania. Tena, Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 wakati Ureno ilipokuwa chini ya mfalme wa Uhispania. Basi si ugeni mtupu. Aidha, na ajiandae kwa jambo ambalo mawakala wa nyumba aghalabu hawalitaji: mjini Dénia atasikia pia Kivalencia, ambacho ni lugha rasmi pamoja na Kihispania katika eneo hilo. Ni kama mtu aliyesoma Kiswahili sanifu kisha akahamia Lamu. Kitabu kitamfikisha dukani. Ili afike barazani, hana budi kusikiliza Kiamu.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba pwani ile ina madaktari, magazeti na maduka ya Kiingereza, na kwamba mtu anaweza kuishi huko hadi kufa bila ya kunyambua kitenzi kimoja cha Kihispania. Ni kweli, anaweza. Hata bwana wa babu aliweza. Lakini mtu huyo anategemea wenzake wabaki hapo wakiwa wazima, na jamii ya wazee hupungua kila mwaka.

Wengine watauliza swali gumu zaidi: ni haki gani inayomruhusu mwenye euro 3,000 kuingia kwa ndege, ilhali mwaka 2024 zaidi ya watu 46,000 walifika Visiwa vya Kanari kwa mashua za hatari, wengi wao wakitoka Afrika Magharibi? Nami sina jibu la kuifanya tofauti hiyo kuwa haki. Wahispania wenyewe wanalalamika: mwaka 2024 waliandamana Kanari, Málaga na kwingineko kwa sababu ya utalii uliopita kiasi na kodi za nyumba zisizolipika, na Aprili 2025 serikali yao ilifuta viza waliyokuwa wakipewa wageni kwa kununua majumba. Ninachosema ni kwamba shangazi, mwanamke Mwafrika, hatabeba pasipoti yake pajini mwa uso. Dukani ataonwa kwanza rangi yake, na baadhi ya watu watamdhania vile wanavyowadhania wale wa mashua. Siku hiyo ataamua yuko upande gani. Akijibu kwa Kiingereza cha kiburi, atakuwa mlowezi kwa ile maana ya Trans Nzoia. Akijibu kwa Kihispania, hata kile cha kubabaika, amewatetea wote wanaofanana naye.

Na baba je? Hoja yake ya ngamani siipuuzi. Mtu kwao. Lakini methali inazungumzia marejeo, haikutaja tarehe. Kiwanja cha Kitale hakina miguu. Ninachomwomba shangazi ni kwamba asiifanye lugha mpya kuwa kaburi la ile ya zamani. Kila Jumapili ampigie kaka yake simu, wazungumze kwa lugha ya babu.

Kwetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, nina ombi. Kila mwaka chama chetu hujadili namna ya kuwafundisha wageni Kiswahili, na ni vyema. Tujadili pia Waswahili wanaokuwa wageni kwingine, kwa kuwa ndugu zetu wanahama na wataendelea kuhama. Tuwafunze kwamba kibali cha ukazi hutolewa na serikali, nyumba huuzwa na wakala, lakini ulowezi wa kweli hutolewa na jirani, siku anapokuuliza umeamkaje, nawe ukaweza kumjibu na kumwuliza pia.

Shangazi ameshaanza masomo. Juma lililopita baba alinipigia simu, akauliza, kana kwamba hajali, Kihispania cha shikamoo ni nini. Nilimwambia neno lenyewe hawana, lakini wana kiwakilishi maalumu cha kumheshimu mkubwa, usted, ambacho sisi hatuna. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniomba nimtajie herufi zake moja moja, apate kuandika.