Paa la Uwanja na Deni la Talanta

Kwa yeyote apitaye Barabara ya Ngong siku hizi, uwanja wa michezo wa Jamhuri hauhitaji kuelezwa. Kibera iko upande mmoja wake, Kawangware iko ng'ambo ya barabara, na katikati limesimama jengo la viti 60,000 lenye paa la kuwakinga watazamaji na jua na mvua. Ujenzi wake ulizinduliwa Machi 2024 kwa jina la Talanta, chini ya usimamizi wa Wizara ya Ulinzi, na kazi ikapewa kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Shabaha yake ni Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya ilikabidhiwa pamoja na Uganda na Tanzania Septemba 2023.

Sina ugomvi na fahari hiyo. Nchi iliyopokonywa fainali za 1996, kisha ikapokonywa zile za CHAN za 2018 kwa kuwa viwanja vyake havikuwa tayari, ina haki ya kutaka kujifuta aibu. Na waliofika Kasarani Agosti 2025, tulipoifunga Morocco bao moja kwa bila, wanajua furaha ya namna hiyo haipimwi kwa shilingi. Lakini jengo lenyewe hupimwa kwa shilingi, na hapo ndipo ningependa msomaji tuketi kidogo.

Niruhusiwe kwanza kuanza na jambo la kazi yangu, yaani maneno. Uwanja, katika Kiswahili cha asili, ni mahali peupe, palipo wazi kwa anga na kwa watu. Watoto hucheza uwanjani, ngoma hupigwa uwanjani. Kiwanja nacho, katika Nairobi yetu, kimekuwa hasa kipande cha ardhi cha kuuzwa na kujengwa. Ni ajabu ndogo ya lugha kwamba historia ya michezo ya jiji hili yaweza kusimuliwa kwa maneno hayo mawili: nyanja zimegeuzwa viwanja, kimoja baada ya kingine, wakati wenye kuzichezea wangali shuleni.

Neno la pili ni talanta. Wengi hulitumia leo kwa maana ya kipawa, na bila shaka waliouita uwanja huo walikusudia hivyo. Lakini talanta ya zamani ilikuwa kipimo cha uzani wa fedha. Katika mfano ulio katika Injili ya Mathayo, talanta ni mali ya bwana waliyokabidhiwa watumwa, na bwana akarudi kudai hesabu. Maana hiyo ya kale ndiyo inayotufaa hapa, kwa sababu uwanja huu umejengwa kwa deni.

Julai 2025 hatifungani ya takriban Sh44.8 bilioni iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi ili kuugharimia. Muda wake ni miaka 15, na faida ya mwekezaji ni karibu asilimia 15 kwa mwaka. Msomaji mwenye kalamu anaweza kufanya hesabu mwenyewe: asilimia 15 ya fedha hizo ni zaidi ya Sh6.7 bilioni kwa mwaka, kabla hata shilingi moja ya deni lenyewe haijapunguzwa. Na walipaji si watazamaji watakaokata tiketi. Kilichowekwa rehani ni mapato ya Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo hulishwa na kodi za kamari.

Hebu basi tuingie Kawangware siku ya Jumamosi, saa ambayo ligi ya Uingereza inaonyeshwa. Chini ya paa la bati, katika chumba kilichojaa viti vya mbao, vijana wametoa macho kwenye televisheni, na kila mmoja ana mkeka wake kwenye simu. (Lugha ina kejeli zake: mkeka, kitu cha kulalia, sasa ni karatasi ya kukosesha watu usingizi.) Mkeka ukichanika, kampuni imepata chake na serikali imepata chake. Fedha hizo huenda Hazina, na kutoka Hazina huenda kwa wenye hatifungani. Kijana huyu aliye chini ya bati ndiye mmoja wa walipaji wa lile paa la ng'ambo ya barabara, na ataendelea kulilipia mpaka akaribie umri wangu.

Wamarekani walitutangulia katika njia hii, tena kwa paa kubwa kuliko letu. Katika ule mpira wao wa kubeba mikononi, miji ilishindana kujenga viwanja vilivyofunikwa kabisa kwa kuba. Cha kwanza, Astrodome cha Houston, kilifunguliwa 1965. Mwangaza uliopenya kuba uliwatia kiwi wachezaji wa besiboli, vioo vikapakwa rangi, nyasi zikafa kwa kukosa jua, na 1966 zikatandikwa nyasi za plastiki. Paa la mtazamaji liliua uwanja wa mchezaji! Timu ya mpira ya Houston iliingia humo 1968. Mwenyewe alipotaka jengo jipya na mji ukakataa, aliihamishia Tennessee baada ya msimu wa 1996.

Seattle ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kingdome, lenye kuba la zege, lilifunguliwa 1976. Julai 1994 vigae vya dari vilianguka, na Machi 2000 likalipuliwa kwa baruti. Deni lake liliendelea kulipwa na umma mpaka 2015, miaka 15 baada ya jengo kuwa kifusi.

Wetu haujalipuliwa, na naomba usilipuliwe. Ila tuulize ni nini kitakachobaki katika Hazina kwa ajili ya mchezaji wa kesho. Jina lenyewe la Kibera lilitokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Leo eneo hilo lina msitu wa mabati, na sehemu za wazi ni chache. Julai 2018 maelfu walibomolewa nyumba ili barabara ipite. Mradi wa makao bora wa Soweto Mashariki ulikabidhi nyumba 822 mwaka 2016, na tuliambiwa huo ni mwanzo. Pahali pa kuchezea hapakuwa hata katika mabishano. Wanasiasa, kwa upande wao, wanaujua uzito wa soka hapa: katika uchaguzi mdogo wa Kibra wa Novemba 2019, chama tawala kilimsimamisha McDonald Mariga, mshindi wa Kombe la Mabingwa la Ulaya akiwa na Inter Milan. Alishindwa, lakini kampeni ile ilitosha kuonyesha kwamba mpira unathaminiwa pale kura zinapotafutwa.

Kwa hiyo nina madai matatu, wala si mazito. Hazina itangaze kila mwaka kiasi kinachokwenda kwa wenye hatifungani na kiasi kinachobaki kwa nyanja za mitaani. Nyanja chache za wazi zilizosalia Kibera na Kawangware zipewe hati miliki za umma, kabla hazijawa viwanja. Na bei ya kukodi uwanja wa Jamhuri kwa ligi za vijana wa mitaa hiyo miwili iwekwe bayana sasa, kwa maandishi, kabla mechi ya kwanza ya 2027 haijachezwa.